Kabichi za Madam Rael

Harufu ya mavi ya kuku mabichi huuma macho kabla pua haijajua ni nini. Jirani yangu hapa Litein alianza kufuga kuku wa nyama mwaka jana, na mvua ya mchana ikishanyesha, upepo huvuka ua na kuniletea harufu hiyo mpaka jikoni. Mume wangu hulifunga dirisha huku akinung'unika. Akitoka, mimi hulifungua tena kidogo. Nasimama pale na mwiko mkononi, machozi yakinilengalenga, na moyoni nasikia raha fulani ya zamani, raha mbaya, ambayo sijawahi kumweleza mtu. Nawaeleza ninyi leo, na mkitaka kunihukumu, ngojeni kwanza nimalize.

Nililelewa katika nyumba ambayo haikuona haya kuzungumza juu ya mavi. Boma letu lilikuwa mteremkoni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Litein, majani chai mbele ya nyumba na ng'ombe wanne nyuma. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliamka kabla ya kila mtu na kwenda kuwatazama ng'ombe wake sehemu za nyuma kabla hajamsalimia binadamu yeyote. Kwa kuangalia tu kilichoanguka chini alijua nani ana homa, nani amekula majani asiyoyazoea, nani kesho atapunguza maziwa. Ndama akizaliwa, hatukuruhusiwa kushangilia mpaka kile choo chake cha kwanza kitoke, cheusi, chenye kunata kama lami. Hapo ndipo Kogo angeketi na kuomba chai. Alitufundisha kwamba chochote kinachokula lazima kitoe, mtu, ng'ombe, hata mti unaoangusha majani yake makuukuu, na kwamba kinachokula bila kutoa kiko njiani kufa. Aliyasema hayo wakati wa chakula, sote tukitafuna, na hakuna aliyewahi kusukuma sahani.

Shuleni kwetu nako mavi yalikuwa na siku yake. Madarasa yetu yalikuwa na sakafu ya udongo, na vumbi lilileta funza, kwa hiyo kila Ijumaa wasichana tulibeba mavi ya ng'ombe kwa mikebe na wavulana wakateka maji mtoni. Mchana tulivua viatu, wale waliokuwa navyo, tukainama tukisiriba sakafu kwa viganja kuanzia ubaoni hadi mlangoni. Jumatatu ukiingia, darasa lilinuka usafi. Najua kuna watakaocheka neno hilo, lakini kwetu usafi ulinuka hivyo.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa Madam Rael. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzuri iliyoongoza kwaya ya akina mama kanisani, na viatu vyake havikuwahi kuonekana na tope hata mwezi wa nne. Alitufundisha Hesabu na Kilimo. Wazazi walimheshimu sana. Sisi tulimwogopa, na kwa sababu wengine wetu tulikuwa na tabia ya kukimbilia chooni kila hesabu za kichwa zilipoanza, alikuwa ameweka sheria kwamba kipindi chake kikianza, hakuna kutoka. Siwezi kusema sheria hiyo haikuwa na sababu. Mimi mwenyewe niliwahi kujificha kule nyuma ya vyoo nikihesabu mawingu wakati wenzangu wanahesabu sehemu na desimali.

Siku ile sikuwa najificha. Jana yake jioni Kogo alikuwa ametunywesha dawa ya minyoo, mizizi fulani michungu aliyoichemsha kwa sufuria kuukuu mpaka maji yakawa kahawia. Alitunywesha mara moja kila muhula, na kwa kawaida dawa ilifanya kazi alfajiri, tukapishana kwenye njia ya choo tukiwa tumejifunga shuka. Mara hii kwangu alfajiri ilipita kimya. Nikaenda shule na mkebe wangu wa mavi, maana ilikuwa Ijumaa, nikidhani nimeponea.

Tumbo lilianza kuzungumza katikati ya kipindi cha pili. Niliinua mkono. Madam Rael akatikisa kichwa. Nikainua tena, nikasema tumbo linaniuma, akaniambia tumbo langu lingoje kengele kama matumbo ya wenzangu. Mara ya tatu nilisimama kabisa, miguu nimeikaza, jasho likinitoka kwenye pua.

"Kaa chini," akasema. "Hesabu ikianza ndio matumbo zenu zinaanza."

Nikakaa. Kule kukaa ndiko kulikoniponza. Sitawaeleza zaidi, mnajua mwili. Harufu ikaenda dawati kwa dawati na vichwa vikageuka kimoja kimoja. Madam Rael alinijia taratibu kati ya madawati, akaangalia chini, akaangalia ile mikebe yetu iliyopangwa ukutani kungoja mchana, na nikaona kichekesho kikimjia usoni kabla hajakitamka.

"Haya," akasema, "leo tumeletewa samadi mapema."

Watoto arobaini na kitu walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Tulikuwa tumeketi juu ya mavi ya ng'ombe wa kijiji kizima, tuliyoyapaka kwa mikono yetu, na wao wakacheka ya mtoto mmoja. Hilo sikulifikiria wakati ule. Wakati ule nilifikiria jambo moja tu, kwamba mwanamke huyu lazima alipe.

Aliniamuru nikachote majivu nifukie, kisha niende nikajioshe. Alimtuma Cherono anipelekee maji. Cherono alikuwa binti ya kaka yake, wa kutoka upande wa Mulot, aliyeletwa kuishi naye katika nyumba ya walimu ili asome, kwa sababu kule kwao shule ilikuwa mbali na mama yake alikuwa na watoto wengi. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, asiye na rafiki wa kudumu, maana nani atafanya urafiki na mtoto wa nyumbani kwa mwalimu? Alileta ndoo nyuma ya vyoo, akanigeuzia mgongo, akasimama hapo ameinua kanga aliyoitoa nyumbani pande zote mbili ili wavulana wasinione. Mimi sikumshukuru. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka koo, na kitu kingine hakikuweza kupita.

Nyumbani Kogo aliona rinda langu lililoloa akajua. Swali lake la kwanza, Mungu amrehemu, lilikuwa kama minyoo imetoka. Nilipolia ndipo akaketi, akanisikiliza hadi mwisho. Alikasirika. Alisema mtu anayemcheka mtoto kwa hilo amesahau yeye mwenyewe aliingiaje duniani. Mama alitaka kwenda shuleni Jumatatu, lakini baba akamkumbusha kwamba Madam Rael ndiye aliyemwandikia barua mdogo wa baba akapata nafasi ya chuo, na kwamba mambo ya tumbo la mtoto si ya kupeleka ofisini. Mama akachukua kikapu chake akaenda kuchuma majani chai. Hakuna aliyekwenda. Jumatatu nilipoingia langoni, jina langu la Chepkoech lilikuwa limekwisha. Shule nzima iliniita Samadi, kuanzia watoto wa chekechea wasiojua hata maana yake.

Nilikaa na hasira yangu majuma mawili, nikiilisha. Kanisani Madam Rael alipofungua mdomo kuimba, niliomba nzi aingie. Niliomba aanguke kwenye daraja la miti na viatu vyake vile. Mungu hakunisikiliza, na nikaona kazi hii itabidi niifanye mwenyewe.

Nafasi ilikuja kupitia Kilimo. Nyuma ya nyumba ya Madam Rael kulikuwa na bustani iliyoitwa shamba la darasa, ingawa tulijua sote kwamba mavuno yake yaliishia kwenye sufuria moja. Mwaka ule alikuwa amepanda kabichi, mistari kumi na miwili, na zilikuwa ndiyo zinaanza kukunja vichwa. Alijivunia kabichi zile. Wageni wakija aliwapitisha huko kwanza kabla ya kuwapa viti. Alituambia kila mtoto alete nusu debe la samadi iliyooza vizuri, akatueleza mara mbili kwamba iwe kuukuu, kavu, isiyonuka, na kwamba Cherono ndiye atakayeipokea na kuikagua.

Mbona alisisitiza? Kwa sababu alijua nilichokijua mimi. Mwaka uliotangulia baba yangu alikuwa na kitalu cha miche ya chai, na alikuwa akishindana na jirani mmoja aliyejigamba kwamba miche yake itakuwa tayari kwanza. Baba, ambaye subira haikuwa kipawa chake, alizoa mavi ya kuku yakiwa bado na joto, akayakoroga na maji, akanywesha miche yote kama anayenywesha wagonjwa uji. Kogo alimwambia angoje, kinyesi cha kuku kinataka kulala miezi mitatu ndipo kiwe chakula, kikiwa kibichi kinachoma. Baba akasema wazee wanapenda kungojangoja. Siku ya nne miche ilikuwa imekauka kama majani ya kuwashia moto, na jirani akaja kumpa pole kwa uso ambao baba hakuusahau. Nyumba nzima ilijifunza. Mimi nilijifunza kuliko wote.

Siku tatu mfululizo niliingia banda la kuku asubuhi na jioni, nikakwangua chini ya fito wanapolalia, pale palipo pabichi na pazito. Nilijaza debe langu karibu lote. Juu nikatandika samadi nzuri ya Kogo ya ng'ombe, nyeusi, laini, iliyolala mwaka mzima. Ungeingiza mkono ungesema, huyu mtoto ametoka kwa wakulima. Njiani debe lilivuja. Maji yake yalinitiririka shingoni mpaka mgongoni, yakiniwasha, na watoto wakanifuata wakiimba kwamba Samadi amebeba samadi. Nilitabasamu njia nzima. Nadhani ndiyo siku pekee niliyolipenda jina lile.

Cherono alikuwa bustanini na jembe. Alitia mkono kwenye debe langu, akafinya samadi ya juu, akasema ni nzuri. Nikamwambia nitamsaidia kuweka. Alinitazama kwa mshangao, maana wenzangu walikuwa wamemwaga yao kwenye rundo na kukimbilia mpira, wakamwachia kazi yote. Akakubali haraka, kabla sijabadili nia.

Tuliianza kazi. Yeye aliweka kutoka kwenye rundo, mimi nilimfuata shina kwa shina nikiongeza kutoka kwa debe langu, na nilitia maji kwa kopo ili liende mbali. Niliweka karibu kabisa na shina, kama baba alivyofanya. Mara moja Cherono alikunja pua akasema harufu imekuwa kali. Nikamwambia ni dawa ya Kogo ya kufukuza viwavi. Aliamini. Kila mtu alijua ng'ombe na shamba la Kogo, na kutumia jina lake kudanganya ndilo jambo ambalo Kogo mwenyewe angelilia.

Tulipofika mstari wa tisa Cherono akasema tupumzike. Alikuwa na viazi viwili vya kuchemsha ndani ya kitambaa, chakula chake cha mchana. Tukanawa, akanipa kimoja, kile kikubwa. Tuliketi kwenye nyasi tukila, na majani chai ya ng'ambo yalikuwa yanang'aa kwa jua, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akazungumza sana. Aliniambia kwamba kwao Mulot wasichana wa rika lake walikuwa wameshaacha shule wanachunga. Aliniambia bustani hii ndiyo kazi yake katika nyumba ile, kwamba anti yake hapendi mtu wa kukaa bure.

"Kabichi zikifunga vizuri," akasema, "anti amesema nitakaa hapa mpaka nimalize darasa la nane."

Nilimsikia. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdomo wangu umejaa kiazi chake, na nilielewa kila neno. Ilikuwa imebaki mistari mitatu. Ningeweza kusema debe limekwisha. Ningeweza kusema tuoshe mashina haraka kwa maji, bado yangepona. Nikatazama nyumba ya Madam Rael, mapazia yake meupe, viatu vyake vimeanikwa barazani, nikasikia tena kicheko cha darasa zima. Nikasimama nikamaliza ile mistari mitatu. Wa mwisho niliuwekea mara mbili.

Kwetu mvua hunyesha karibu kila mchana, na nilikuwa na hofu kwamba itakuja kuyapunguza makali mavi yale. Juma lile haikunyesha. Jua liliwaka kama la Mulot. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa kahawia. Siku ya tano vichwa vililegea, na siku ya sita kabichi zote za mistari kumi na miwili zilikuwa zimelala chini, manjano, zinanuka. Nilipita pale makusudi asubuhi, saa nne na mchana. Sikumbuki Krismasi yoyote iliyonipa furaha kama ile. Nilihisi nimekuwa mrefu. Madam Rael alisimama katikati ya bustani yake, mkono kiunoni, udongo kwenye viatu, na mimi nilikuwa nje ya ua wa michongoma nikinywa uso wake kama mursik baridi, maziwa yetu ya mgando.

Kisha akamwita Cherono.

Sikuwa nimefikiria sehemu hiyo, au tuseme nilikuwa nimekataa kuifikiria. Cherono alisimama mbele yake na mikono nyuma. Madam Rael alimuuliza ni nani aliyeleta mavi mabichi, kama alikagua kila debe, na kama alikagua, ilikuwaje. Cherono aliinua macho, akaniona pale michongomani. Alinitazama kwa muda ambao mimi naupima hadi leo. Kisha akaangalia chini.

"Ni mimi nilikosea, anti," akasema.

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi, tukiwa kwenye gwaride, gari la kwenda Bomet, njia ya kwao Mulot, lilisimama barabarani mbele ya shule, na Cherono akapandishwa na sanduku lake la bati. Madam Rael alituambia mwenzetu amerudi nyumbani kumsaidia mama yake. Wimbo wa taifa ulikuwa haujaisha gari lilipoondoka. Niliimba mpaka mwisho, wima, kama nilivyofundishwa.

Na mnajua kisasi changu kilimfikisha wapi Madam Rael? Siku iliyofuata alinunua kabichi sokoni. Alilima ile sehemu, akaiacha ilale, na msimu uliofuata akapanda viazi. Kinyesi changu kilikuwa kimelala miezi yake mitatu kimyakimya, kikafanya kazi ambayo kinyesi huifanya kikiachwa, na viazi vilitoka vikubwa kama vichwa vya watoto. Alivileta darasani kutuonyesha. Nilikaa nikivitazama, bado naitwa Samadi, nikamchukia upya.

Niliendelea kumchukia nikimaliza shule, nikiolewa, nikizaa. Watoto wangu walipojichafua niliwaosha, na kila nilipowaosha nilimkumbuka. Alihamishwa shule, akastaafu, nikapoteza habari zake. Halafu mwaka juzi mwanakwaya mwenzake wa zamani akaniambia kwamba Madam Rael amepigwa na kiharusi, hawezi kushuka kitandani wala kujizuia, na hakuwa na mtoto, kwa hiyo amechukuliwa na binti ya kaka yake kule Mulot.

Nilinunua sukari na mkate, nikapanda gari. Kwa mume wangu nilisema naenda kumwona mgonjwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kumwona akiwa hivyo. Nilikuwa nimengoja miaka thelathini, na njia nzima nilikariri maneno nitakayomwambia sikioni.

Nyumba ilikuwa ya mabati, safi, kando ya shamba la mahindi. Cherono alifungua mlango. Alikuwa amenenepa kidogo, mikono yake migumu ya mtu wa jembe. Alinitambua mara moja, akanisalimia kwa jina langu, Chepkoech, akaniingiza ndani. Kitandani kulikuwa na mwanamke mdogo sana. Macho ya Madam Rael yalipita juu yangu, yakaenda ukutani. Hakunijua. Nilikuwa nimeinama, mdomo karibu na sikio lake, ndipo harufu ikapanda kutoka kwenye blanketi, na uso wake ukajikunja kwa aibu, kama mtoto anayejua kilichomtoka na hajui la kufanya.

"Shika miguu," Cherono akasema nyuma yangu. Alikuwa ameshaleta beseni.

Nikashika. Yeye aliosha, akapangusa, akageuza, akatandika shuka nyingine, akizungumza na anti yake wakati wote juu ya mahindi na mvua. Hakukunja pua. Ilikuwa kazi kama kukamua ng'ombe. Sikusema yale maneno yangu. Natamani niwaambie niliyaacha kwa wema, lakini nadhani ni kwa sababu Cherono alikuwepo.

Alinisindikiza hadi langoni. Nikaanza kusema juu ya zile kabichi, akanikatiza.

"Nilijua siku ya tatu," akasema. "Nikasema nitangoja useme mwenyewe. Nikangoja Ijumaa. Jumatatu nikachungulia dirisha ya gari mpaka tukapita kona, nikifikiria utakuja ukikimbia."

Nikamwomba msamaha. Nililia, nami si mtu wa kulia. Alingoja nimalize, kwa upole uleule wa zamani.

"Anti nilimsamehe kitambo. Alinifukuza akiwa na hasira. Lakini wewe ulikuwa unakula viazi yangu." Akachukua mfuko kutoka mkononi mwangu. "Sukari nitachukua, ni ya mgonjwa. Wewe usirudi hapa."

Nilisimama kando ya barabara ya Narok nikingoja gari, malori ya mifugo yakinipita. Miaka thelathini nilikuwa nimejihesabu kuwa mimi ndiye niliyekosewa. Nilishangaa kwamba Madam Rael hakunitambua, nikadhani ni kwa sababu ya kiharusi, lakini nadhani hata akiwa mzima asingenikumbuka, kwa maana siku ile haikumuuma yeye. Nami katika miaka hiyo yote nilikuwa nimemfikiria Cherono mara chache sana, na kwa sababu hiyohiyo. Kule Mulot kulikuwa na mtu aliyekuwa akilima shamba lake, akilea watoto wake, akiosha wagonjwa wake, na kunichukia mimi kwa haki.

Alisema nisirudi, na sijarudi. Nadhani ndiyo adhabu aliyonichagulia, na nadhani alikuwa ameifikiria kwa muda mrefu.